Homa isiyosikia dawa: Mtego wa kuvu kwa wanaotumia dawa za kushusha kinga

NA MWANDISHI WETU

MGONJWA anayeruhusiwa kutoka Hospitali ya Taifa Muhimbili na kurejea kwao Nyangamara, mkoani Lindi, safari ya zaidi ya kilometa 400, hubeba mfuko wa dawa na karatasi yenye tarehe ya kurudi kliniki. Mfuko huo kila mtu nyumbani atauona. Kisichoonekana ni kwamba dawa zilizomo, zikiwa ni prednisoloni au azathioprini, kazi yake ni kuipunguza nguvu kinga ya mwili wake.

Akishikwa na homa miezi miwili baadaye, tabibu wa zahanati atakayempokea hatalijua hilo asipouliza. Mgonjwa mwenyewe huenda asiliseme, kwa kuwa analojua yeye ni kwamba alipewa dawa ya tumbo.

Katika pengo hilo dogo la mazungumzo ndimo yanamopita maradhi mazito ya kuvu, ambayo wengi huyaita fangasi. Hapa hazungumziwi muwasho wa vidoleni wala mapunye ya kichwani. Ni kuvu inayoingia mapafuni, ikasambaa katika damu na wakati mwingine ikafika kwenye ubongo, na ambayo isipotibiwa mapema huua.

Wakazi wa Lindi hawahitaji kufundishwa kwamba kuvu ni adui. Kila msimu mkulima wa korosho hupuliza salfa mashambani kupambana na ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho. Mkulima hasubiri mti unyauke ndipo atafute salfa. Hupuliza mapema, kwa kuwa anajua ni wakati gani mti wake uko hatarini. Kwa binadamu aliyeshushwa kinga, hesabu hiyo ya mapema haifanywi kwa uhakika wa namna hiyo.

Kinga inapomgeukia mwenyewe

Maradhi yanayozungumzwa hapa ni uvimbe sugu wa utumbo, nayo yako katika makundi makubwa mawili. Kuna ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, Marekani, aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Huo unaweza kushambulia sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, lakini hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Kundi la pili ni la vidonda vya utumbo mpana.

Katika makundi yote mawili, kinga ya mwili huushambulia utumbo wa mgonjwa kana kwamba ni mgeni. Matokeo yake ni kuharisha kusikokoma, choo chenye damu, tumbo kusokota, upungufu wa damu na kukonda.

Kwa miaka mingi maradhi hayo yalihesabiwa kuwa ya Wazungu. Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Kadiri miji ya Afrika inavyokua na hospitali zinavyopata mashine za kumulika ndani ya utumbo, ndivyo wagonjwa wanavyozidi kuonekana, Tanzania ikiwamo.

Tiba yake ni kuituliza kinga. Prednisoloni hufanya kazi haraka, ndani ya siku chache. Azathioprini huenda polepole na huchukua wiki hadi miezi kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili. Kundi la tatu ni la dawa za sindano za kibayolojia kama infliksimabu, ijulikanayo kwa jina la biashara la Remicade, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998. Bei yake imeifanya ibaki mbali na mfuko wa Mtanzania wa kawaida, hivyo kwa wengi tiba ni vidonge viwili vile vya kwanza.

Infliksimabu na ndugu zake huzuia protini iitwayo TNF. Protini hiyo ndiyo huziita chembe za kinga zijipange kuizunguka bakteria ya kifua kikuu, au kuvu fulani, na kuifungia ndani ya ukuta. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na vimelea hivyo vikiwa vimefungwa, asijue. TNF ikizuiwa, ukuta hubomoka na wafungwa hutoka.

Prednisoloni nayo, hasa ikitumiwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu, hulegeza ulinzi huo kwa njia pana zaidi: hupunguza uwezo wa chembe za kinga kuitambua kuvu na kuiua.

Watafiti wa Mayo Clinic ya Rochester, Marekani, walichapisha mwaka 2008 utafiti uliolinganisha wagonjwa 100 wa uvimbe wa utumbo waliopata maambukizi nyemelezi na wenzao 200 ambao hawakupata. Anayetumia dawa moja ya kushusha kinga alikuwa na hatari karibu mara tatu zaidi. Anayetumia mbili au tatu kwa pamoja, hatari ilipanda hadi mara 14.5. Katika utafiti huo prednisoloni na dawa za jamii yake ndizo zilizohusishwa zaidi na kuvu.

Takwimu hiyo ya mwisho inawahusu Watanzania moja kwa moja. Dawa ghali za kibayolojia ndizo zilizotangazwa sana kwa hatari yake, ilhali kidonge cha bei nafuu kinachopatikana hadi wilayani nacho hakiko salama kiasi hicho.

Onyo la mwaka 2008

Septemba 4, 2008, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaagiza watengenezaji wa dawa nne zinazozuia TNF, yaani Remicade, Humira, Enbrel na Cimzia, kuongeza uzito wa onyo kuhusu kuvu. Mamlaka hiyo ilikuwa imepitia taarifa 240 za wagonjwa waliopata histoplazma wakitumia tatu kati ya dawa hizo.

Histoplazma ni kuvu inayoishi kwenye udongo wenye kinyesi cha ndege au popo. Vumbi lake likivutwa, huingia mapafuni. Mtu mwenye kinga kamili anaweza kukohoa siku chache akapona, au asihisi chochote. Kwa aliyeshushwa kinga, huweza kusambaa hadi kwenye ini, wengu, uboho wa mifupa na utumbo wenyewe.

Lililoishtua FDA ni kwamba katika taarifa zisizopungua 21, madaktari hawakuitambua kuvu hiyo mapema na dawa zikachelewa. Kati ya wagonjwa hao, 12 walifariki dunia.

Sehemu kubwa ya taarifa hizo zilitoka kwenye mabonde ya mito Ohio na Mississippi, eneo ambalo vitabu vya udaktari vya Marekani vimelitaja kwa miongo mingi kuwa makao ya histoplazma. Hospitali za huko zina maabara na wataalamu, tena kila mwanafunzi wa udaktari amesoma jambo hilo. Hata hivyo, wagonjwa walikufa kwa sababu hakuna aliyeifikiria kuvu kwa wakati.

Iwapo hayo yalitokea Ohio, swali la nini kinaweza kutokea kwenye zahanati ya kata haliwezi kuitwa la kinadharia.

Moshi ilichokiona

Jibu la sehemu limo nchini. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi, mkoani Kilimanjaro. Sampuli zao zilipimwa baadaye kwa vipimo ambavyo hospitali za kawaida hazina.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 870 yalikuwa ya kushangaza. Waliopewa jibu la malaria na waganga walikuwa 528, sawa na asilimia 60.7. Ambao homa yao ilisababishwa na malaria kweli walikuwa 14, asilimia 1.6. Waliokutwa na kuvu ndani ya damu walikuwa 25.

Uchambuzi mwingine wa Moshi, uliochapishwa mwaka 2012, uliitafuta histoplazma pekee. Kati ya wagonjwa 970 wenye homa, 9 walionekana kuwa nayo. Saba kati ya hao tisa walikuwa wameandikiwa kifua kikuu au nimonia ya bakteria. Sita walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi.

Tisa kati ya 970 ni wachache. Lakini inafaa kukumbuka kwamba vipimo vilikuja baadaye, kwenye sampuli zilizohifadhiwa. Mgonjwa alipokuwa kitandani, hakuna aliyejua. Na hao walikuwa wagonjwa wa homa kwa ujumla, hawakuchaguliwa kwa sababu ya kutumia dawa za kushusha kinga.

Msomaji anaweza kusema Moshi iko juu mlimani, malaria yake ni chache, kwa hiyo hesabu zake haziwezi kuhamishiwa Lindi. Ni kweli, na hapo ndipo mtego wa Lindi unapokuwa mkali zaidi. Lindi ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi. Mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu, kipimo cha haraka kikasoma kwamba anavyo, na bado homa inayomsumbua ikawa inatokana na kitu kingine.

Kipimo hakikudanganya na tabibu hakukosea kutoa dawa mseto. Kosa huanza siku ya nne, mgonjwa anaporudi akiwa vilevile na kupewa kozi nyingine ya dawa mseto, kisha vidonge vya bakteria, kisha sindano.

Hatua inayofuata huwa ni kifua kikuu, nayo ina mantiki. Tanzania kwa muda mrefu imekuwamo katika orodha ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) linazitaja kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Homa ya wiki kadhaa, kikohozi, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu ambazo kila Mtanzania amezisikia redioni. Kwa bahati mbaya ndizo dalili za histoplazma pia, na hata picha ya eksirei yaweza kufanana.

Mgonjwa akianzishiwa dawa za kifua kikuu bila bakteria kuonekana kwenye makohozi, kuna hasara ya ziada isiyozungumzwa sana. Rifampisini, moja ya dawa hizo, hulifanya ini livunje haraka dawa nyingine nyingi. Prednisoloni hupungua katika damu na ugonjwa wa utumbo unaweza kurudi. Itrakonazoli, dawa ambayo ingeiua histoplazma, nayo hupungua kiasi cha kutofaa. Hivyo hata akitokea mtu baadaye akaifikiria kuvu, tiba yake huanza ikiwa imedhoofishwa.

Je, ni Crohn kweli?

Kuna tatizo jingine linalotangulia hilo lote, nalo linahusu jibu la kwanza kabisa analopewa mgonjwa wa tumbo.

Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kukaa mwisho wa utumbo mwembamba, palepale panapopendwa na ugonjwa wa Crohn, kikaleta vidonda, maumivu na kukonda kunakofanana kabisa. Histoplazma iliyosambaa nayo huweza kuweka vidonda mahali hapo hapo. Amiba, inayojulikana na kila mama wa nyumbani, huleta choo chenye damu kinachoweza kudhaniwa kuwa ni vidonda vya utumbo mpana.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye maambukizi anaweza kuitwa mgonjwa wa kinga, akapewa prednisoloni. Kwa siku za mwanzo atapata nafuu, maana dawa hiyo hutuliza uvimbe wa aina yoyote na hurudisha hamu ya kula. Nafuu hiyo humridhisha yeye, ndugu zake na hata daktari. Wakati huohuo kimelea kinachotafuna utumbo kimeondolewa askari wa mlangoni. Amiba ikiachiwa hivyo inaweza kuutoboa utumbo.

Madaktari bingwa wanalijua jambo hili na ndiyo sababu hukata kipande cha nyama ya utumbo kwenda kupimwa kabla ya kuandika dawa. Kipande hicho kinahitaji mashine ya kumulika, bingwa wa kuitumia na mtaalamu wa kusoma nyama chini ya hadubini. Huduma hizo tatu kwa pamoja zimejikusanya katika hospitali kubwa chache. Mtu wa Nyangamara anayeharisha damu ana Hospitali ya misheni ya Nyangao, ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na kwa kusini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mtwara. Kila hatua ni nauli, malazi ya msindikizaji na siku za shamba zilizopotea. Kishawishi cha kujaribu dawa kwanza na kupima baadaye kinaeleweka, ingawa hakisameheki pale dawa yenyewe inapokuwa prednisoloni.

Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa za cheti kwa mujibu wa taratibu za nchi. Zinatakiwa kutolewa kwa maandishi ya mganga. Wateja wengi wa maduka ya dawa mijini wanajua kwamba utaratibu ni jambo moja na kaunta ni jambo jingine.

India ilitoa somo la kutisha mwaka 2021. Katika wimbi la pili la ugonjwa wa Covid-19, dawa za jamii hiyo zilitumika kwa wingi, nyingine bila usimamizi, katika nchi yenye wagonjwa wengi wa kisukari. Kuvu iliyopewa jina la kuvu nyeusi ilishambulia pua, macho na ubongo. Hadi katikati ya mwaka huo zaidi ya watu 40,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 4,000 kufariki dunia.

Mlango wa pili wa jengo lilelile

Jambo linalosikitisha zaidi katika suala hili ni kwamba Tanzania tayari imejenga karibu kila kinachohitajika, ila kimejengwa kwa ajili ya kundi jingine.

Tangu mwaka 2004, ulipoanza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, kliniki za matunzo na tiba zimefunguliwa nchi nzima. Humo mgonjwa ana kadi na namba, anaulizwa habari za kikohozi na homa kila anapokuja, na mwenye kinga ndogo hupewa Septrini ya kumkinga na nimonia ya kuvu. Miongozo pia inataka aliyeshuka sana kinga apimwe kriptokokasi.

Kriptokokasi ni kuvu ya pili inayofaa kutajwa kwa jina. Hupatikana kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, na husababisha homa ya uti wa mgongo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kuwa duniani huleta wagonjwa 152,000 wa homa hiyo kwa mwaka miongoni mwa wenye virusi vya Ukimwi, na vifo 112,000. Hiyo ni asilimia 19 ya vifo vyote vinavyohusiana na Ukimwi. Wengi wako Afrika, kusini mwa Jangwa la Sahara.

Kipimo chake ni tone la damu kwenye kijiti, jibu ndani ya dakika 10, bila maabara. Huweza kuiona kuvu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Faida yake imethibitishwa Dar es Salaam. Utafiti ulioongozwa na Dk. Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusisha wagonjwa 1,999 wa Dar es Salaam na Lusaka, Zambia, waliokuja kliniki wakiwa na kinga ndogo sana. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilipimwa kriptokokasi na kutembelewa nyumbani kwa wiki chache na wahudumu wasio wauguzi. Baada ya mwaka mmoja vifo vilikuwa asilimia 18 katika kundi la kwanza na 13 katika kundi la pili. Hapakuwa na dawa mpya ya ajabu. Palikuwa na kipimo, mtu wa kubisha hodi na maswali.

Sasa mchukue mgonjwa wa Crohn anayetumia prednisoloni na azathioprini. Au mchukue aliyewekewa figo, kwa kuwa Muhimbili ilianza upandikizaji huo Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Naye atatumia dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Kinga yao imeshuka, kuvu inayowatafuta ni ileile, kijiti ni kilekile, Septrini ni ileile. Lakini wao huingia mlango wa wagonjwa wa nje, wakapanga foleni na wenye mafua. Kliniki yenye utaratibu wa kuwachunguza iko upande wa pili wa jengo na haina jina lao.

Mgawanyo huo una historia yake. Fedha za Ukimwi zilikuja na masharti ya Ukimwi, na bila fedha hizo huenda vijiti hivyo visingefika kabisa. Lakini kuvu haisomi bajeti ya mfadhili.

Kwa Septrini hakuna hata kisingizio cha bei. Kanuni inayofuatwa na madaktari wengi ni kwamba anayetumia miligramu 20 au zaidi za prednisoloni kila siku kwa mwezi mmoja au zaidi, hasa akiwa na dawa nyingine ya kushusha kinga, afikiriwe kupewa kinga hiyo. Hutakiwa kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu Septrini na azathioprini zikikutana zinaweza kupunguza chembe za damu, na mwenye mzio wa salfa hapaswi kupewa. Kipimo hicho cha damu hakihitaji hospitali ya rufaa.

Popo, kuku na vumbi

Baadhi ya tahadhari zinaweza kuanzia nyumbani. Banda la kuku likifagiliwa kavu hutimua vumbi, na dari yenye popo ikibomolewa bila kulowanishwa hufanya vilevile. Anayetumia dawa hizi ni afadhali kazi hiyo aifanye mwingine, na sakafu inyunyiziwe maji kwanza.

Mapango nayo yana habari yake. Katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa kuna pango maarufu la Nang'oma, ambalo wenyeji walijificha wakati wa Vita vya Majimaji. Kuwapo kwa popo hakumaanishi kila pango lina histoplazma. Lakini mwaka 2011 kundi la wanafunzi wa baiolojia waliokuwa katika msitu nchini Uganda waliingia ndani ya mti wenye uwazi uliojaa popo, na zaidi ya 10 kati yao wakaugua histoplazma. Hao walikuwa vijana wenye kinga kamili. Mwenye kinga iliyoshushwa hana la kutafuta humo.

Tahadhari za vumbi zisichukue nafasi ya jambo kubwa. Mtu hawezi kuishi Nyangamara bila udongo, na si haki kumgeuza mgonjwa kuwa mlinzi pekee wa mapafu yake.

Wala mgonjwa asisome habari hizi akatupa vidonge. Mwili uliozoea prednisoloni huacha kutengeneza homoni yake wa kutosha, na kuikatiza ghafla kunaweza kumwangusha mtu, hata kumuua. Dozi hupunguzwa na daktari, hatua kwa hatua. Ugonjwa wa utumbo usiotibiwa nao huua.

Dawa zipo, ila ziko mbali

Oktoba 2022 WHO ilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kipaumbele. Kriptokokasi iliwekwa katika daraja la juu kabisa, histoplazma katika la pili. Kipimo cha kriptokokasi kimo katika orodha ya WHO ya vipimo muhimu tangu mwaka 2018, na cha histoplazma, kinachotumia mkojo, kikaongezwa mwaka 2019.

Tiba nazo zimepiga hatua, na Watanzania wamechangia. Utafiti wa wagonjwa 721 wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi katika nchi nne, Tanzania ikiwamo, ulionyesha mwaka 2018 kuwa wiki moja ya amfoterisini B pamoja na flusitosini ilipunguza vifo hadi asilimia 24 katika wiki 10. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza tiba nyepesi zaidi: dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, ikifuatiwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14.

Tatizo ni upatikanaji. Flusitosini, dawa ya zamani, kwa miaka mingi haikupatikana katika nchi nyingi za Afrika. Amfoterisini hiyo mpya ilitangaziwa nchi maskini bei ya dola 16.25 kwa chupa mwaka 2018. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji chupa 12, ambazo ni dola 195, bila kuhesabu kitanda. Kwa mgonjwa wa Ukimwi, bei hiyo inaweza kubebwa na mpango wa wafadhili. Kwa mgonjwa wa Crohn hakuna mpango wa namna hiyo.

Histoplazma iliyosambaa hutibiwa kwa amfoterisini kisha itrakonazoli kwa takriban mwaka mzima. Hiyo ni miezi 12 ya kusafiri kufuata dawa.

Yanayoweza kufanywa bila kusubiri dola hizo ni machache na yanajulikana. Hospitali inayomwandikia mgonjwa dawa ya kushusha kinga inaweza kumpa kadi ya mfukoni yenye jina la dawa, dozi, namba ya simu ya kliniki na sentensi moja kwa Kiswahili: mwenye kadi hii kinga yake imeshushwa, homa yake isitibiwe kama malaria peke yake. Zahanati inaweza kuwa na swali moja la lazima kwa kila homa iliyorudi baada ya dawa mseto: unatumia dawa gani nyingine, na tangu lini? Na miongozo inayoruhusu kijiti cha kriptokokasi kutumika kwa mwenye virusi vya Ukimwi inaweza kuongezwa mstari wa kumtaja aliyeshushwa kinga kwa dawa.

Kadi na swali vinaweza kuanza kwa uamuzi wa mganga mfawidhi. Mstari katika miongozo ni kazi ya Wizara ya Afya. Vijiti ni suala la maombi ya vifaa, ambayo kwa Nyangamara hupitia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri ya Mtama kabla ya kufika Bohari ya Dawa, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi.